Folda ya Sauti za Baba

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kompyuta, mtu wa sala kama mimi na mwenye hasira kama mimi, Mungu atusamehe.

Rekodi za sauti ya marehemu baba yake zilikuwa kwenye kompyuta moja tu, ndani ya stoo isiyo na dirisha. Akaandika skripti fupi ya Linux, yaani mistari michache ya amri za kompyuta, itengeneze folda mpya na kuzihamishia humo. Kesho yake adhuhuri hakukuta kitu.

“Nani kazima kompyuta hii?” alimfokea dada yake.

“Si wewe uliyeniambia nizime kabla ya kufagia?”

“Wewe na ufagio wako! Umemzika baba mara ya pili!”

Dada akaondoka analia. Fundi akafungua skripti, akaona: kwenye anwani ya folda aliisahau alama ya mwanzo, ule mkwaju (/), ndiyo maana folda iliundwa pale alipoiendeshea skripti, mahali pa muda, panapofutwa kila mashine inapowashwa upya. Kosa lake mwenyewe. Badala ya kumfuata dada na kumwomba radhi, akapiga meza kwa ngumi, akausahihisha mstari, akaiendesha skripti tena. Folda ikaundwa, tupu.

Umeme ukakatika. Giza likajaa stoo, kikabaki kioo kinachowaka kwa betri ya akiba na mlio wake, ti, ti, ti. Ndani ya folda sasa mlikuwa na faili moja. Akaifungua.

“Nani kazima kompyuta hii?” Ilikuwa sauti yake mwenyewe, inafoka. Kisha ya dada. Kisha lile neno la kuzika. Halafu, karibu kabisa, baba akakohoa, kama alivyokohoa kila alipotaka wanawe wanyamaze.

Kompyuta ile haina maikrofoni.