Waya wa Breki Kichakani

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na kuanikwa, Chiriku na Kobe walikwenda kuokota kuni kwenye kichaka kilichoanza nyuma ya nyumba za mwisho. Hayo hayakuwa majina waliyopewa na wazazi. Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama yake, fundi cherehani, alisema binti yake angeweza kuichosha hata redio. Kobe naye alifanya kila kitu polepole. Alikula polepole, aliandika polepole, na mzaha ukitolewa darasani yeye alicheka wenzake walipokwisha kunyamaza. Walikuwa darasa la sita, na tangu la kwanza walikaa dawati moja.

Kobe aliishi na babu yake, fundi baiskeli mwenye kibali cha kuwinda. Msimu ulipofunguliwa, Babu alikwenda porini na bunduki yake, akarudi na kanga wawili watatu, na majirani wakapata mchuzi. Milio ya bunduki ilikuwa imemwibia sikio la kulia. Huku akiziba pancha aliwafundisha watoto hao wawili masharti ya uwindaji: usimpige jike mwenye mtoto, usimpige mnyama usiyemwona vizuri, ukimjeruhi, mfuate mpaka umpate, hata kama miguu inakuuma. "Na waya," alisema, "waya hata usinitajie. Waya hauna macho."

Basi wiki moja Kobe akaanza kuwa na haraka. Wakifika kichakani tu, alitangulia mbio, akarudi amelowa jasho bila hata kijiti mkononi. Chiriku alimwacha mara ya kwanza, akamwacha mara ya pili. Mara ya tatu akamfuata.

Kabla hajamwona Kobe, alisikia harufu. Kisha akamwona paa mdogo amelala chini ya mti mfupi, nzi wamemjaa, shingo imebanwa na waya mwembamba. Waya huo aliufahamu. Ulikuwa wa breki ya baiskeli. Kobe alikuwa amechuchumaa kando, mikono kichwani.

"Ni wewe?" Chiriku aliuliza.

"Usipige kelele."

"Sijapiga kelele. Ni wewe uliyetega?"

Kobe aliitikia kwa kichwa. "Nilitaka kuja kuangalia juzi, mvua ikanyesha. Halafu jana nikasahau."

"Ukasahau? Amekufa hapa peke yake, na hata kuliwa hajaliwa!"

"Nilitaka kumpelekea Babu nyama," Kobe alisema. "Magoti yanamsumbua, mwaka huu hakwenda porini hata mara moja. Kila siku ananiambia nisubiri nikue. Nilitaka aone kwamba nimeshakua."

Chiriku alikaa chini. Hasira ilikuwa imempanda, lakini huyu alikuwa Kobe, aliyempa nusu ya kiazi chake kila mapumziko bila kuombwa. "Umetega mingine mingapi?"

"Saba. Au minane."

"Iko wapi?"

Kobe alitazama kichaka, akajikuna shingo. "Mingine sikumbuki."

Walimfukia paa yule kwa mikono na kijiti. Walipomaliza, Kobe alimshika Chiriku mkono. "Usimwambie mtu. Waya ni wa Babu, nimeuchukua dukani kwake. Watu wa wanyamapori wakijua, watasema ni yeye. Watamnyang'anya kibali, na unajua anavyokipenda."

Chiriku alikubali, kwa sharti kwamba mitego yote itolewe kesho yake. Kesho yake waliingia kichakani pamoja, wakazunguka, wakachomwa na miiba, wakapata mitatu tu.

"Basi," Kobe alisema. "Hiyo mingine itaoza yenyewe."

"Waya hauozi, Kobe. Twende tukamwambie Babu, sote wawili."

"Nitamwambia mwenyewe. Kesho."

Kesho ilifika, Kobe akasema kesho tena. Nyumbani kwa akina Chiriku kukawa kimya kiasi kwamba mama yake alisimamisha cherehani na kumshika paji la uso.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama." Akasitasita. "Mama, mtu akimsema rafiki yake, ni mbea?"

Mama alikuwa na pini midomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Inategemea anakwenda kumsemea wapi. Akienda kusema bombani, huyo ni mbea." Akamtazama binti yake. "Kuna jambo?"

"Lipo. Lakini nataka kulipeleka mwenyewe."

"Haya. Ukishindwa kulibeba, rudi tulibebe wote."

Jioni ile Chiriku alikwenda kwa Babu. Fundi alikuwa amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu na kulitazama kwa jicho moja.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwenzako nimemtuma maji."

Chiriku alishukuru moyoni. Alisogea karibu, akainama, akanong'ona.

"Sabuni?" Babu alisema. "Sabuni iko pale, lakini mikono yako mbona safi?"

Kwa wasiwasi aliokuwa nao, alikuwa amenong'ona kwenye sikio bovu. Akavuta pumzi, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, palepale: "Kobe ametega waya!"

Gurudumu likasimama. Nyuma yao ndoo ikaanguka, maji yakatapakaa hadi chini ya benchi. Kobe alikuwa mlangoni. Alimtazama Chiriku kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama hata siku moja, na Chiriku akatamani ardhi impe mlango.

"Umeniuza," Kobe alisema.

"Nilikwambia twende wote..."

"Nyamazeni," Babu alisema. Hakupandisha sauti. Alifungua kisanduku cha nyaya za breki, akachungulia ndani, akakifunga. Kisha akachukua koleo, gunia na fimbo yake. "Tutagombana baadaye. Huko kichakani kunaweza kuwa na mtu anateseka."

Alisema mtu, na hakuna aliyemsahihisha.

Babu alisoma kichaka kama mtu anavyosoma njia ya kwenda kwake. Alionyesha nyasi zilizolala, vinyesi vidogo, upenyo ambao paa hupendelea kupita. Walipata mtego mmoja mtupu, kisha mwingine. Wa tatu ulikuwa unatikisika. Paa jike alikuwa amenaswa mguu wa nyuma, waya umeingia nyamani, mbavu zinapanda na kushuka kwa kasi. Matiti yake yalikuwa yamejaa maziwa.

"Vua shati, Kobe. Mfunike macho. Mkumbatie shingo, na usimwachie hata akikupiga."

Paa alirusha teke likampata Kobe kifuani. Hakumwachia. Chiriku alishika mguu mwingine huku Babu akikata waya kwa koleo, jasho likimtiririka puani. Waya ulipokatika, Babu alisema, "Sasa," nao wakamwachia kwa pamoja. Paa alianguka, akainuka, akachechemea mpaka vichakani. Kitambo kidogo wakasikia mlio mwembamba wa mtoto wake.

Kobe alilia. Alilia kama alivyofanya mambo yake mengine yote, polepole na kwa muda mrefu, na Babu alimwacha amalize.

"Babu, nisamehe. Sasa yamekwisha, sivyo?"

"Kwa hesabu yenu, mingine miwili bado hatujaiona. Mimi magoti yangu yamefika hapa. Ofisi ya wanyamapori ina watu wenye miguu."

"Lakini kibali chako!"

"Kibali ni ahadi, mjukuu wangu. Nikificha, nitabaki na karatasi tu. Kesho utasema mwenyewe, mimi nitasimama nyuma yako."

Afisa wa wanyamapori alikuwa mama mmoja mwenye buti zenye matope na kikombe cha chai iliyopoa. Alimsikiliza Kobe bila kumkatiza, ingawa ilichukua muda. Halafu alisema kwamba kwa kuwa wamekuja wenyewe, hatawafikisha mahakamani. Lakini waya ulitoka dukani kwa Babu, kwa hiyo msimu ujao Babu hatawinda. Na Kobe, kila Jumamosi mpaka shule zifungwe, atatembea na askari wa wanyamapori kutafuta mitego, yake na ya wengine.

"Nimekubali," Babu alisema. Alipotoka nje alifuta miwani yake, akaifuta tena.

Shuleni, Kobe aliweka mfuko wake katikati ya dawati, ukawa mpaka. Siku zikapita, kiazi kikaliwa chote upande mmoja. Chiriku alivumilia, lakini Jumamosi ya pili alishindwa, akaenda kwa fundi baiskeli kusema kwamba ameharibu kila kitu.

Babu alimkalisha kwenye kiti kidogo. Kobe alikuwa ndani anabadilisha viatu baada ya doria, na Babu, ambaye hakujua kusema kwa sauti ya chini, alisema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Mbea husema ili mtu aanguke. Wewe umesema ili mwenzako asizidi kuanguka, na ili mnyama asiye na mdomo apate wa kumsemea. Sheria ya uwindaji haikuwekwa kutunyima nyama. Imewekwa ili paa wawepo hata ninyi mtakapokuwa na wajukuu. Mimi nimepoteza msimu mmoja. Mjukuu wangu sijampoteza. Rafiki anayekuficha mpaka uzame, huyo anakusaidia kuzama."

 Baadaye Kobe akatoka, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Leo tumepata mitego yangu miwili iliyobaki," alimwambia Chiriku, akitazama sakafu. "Yote mitupu." Akavaa kiatu cha pili, akafunga kamba polepole, akaifungua, akaifunga upya. "Wiki ijayo tunakwenda upande wa mtoni. Askari amesema naweza kuja na mtu mmoja. Utakuja?"