Moto wa Duka Moja

Siku ya gulio Nyakahura, kati ya malori yaendayo mpakani na mbuzi wasiotaka kuuzwa, Yasmini aliona jambo lililomsahaulisha ndizi alizokuja kununua. Kijana mrefu, vumbi jekundu hadi kwenye kope, alikuwa anashuka kwenye pikipiki na kompyuta mgongoni, ameibeba kwa kanga kama mtoto mchanga.

"Kaka, mwanao hana miguu?" Yasmini alimtania, akirekebisha mtandio wake wa manjano.

"Anayo, ila njia ya Keza inamtapisha."

Yasmini akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya, tegua: nakigawa chote, nabaki nacho chote."

Kijana akakuna kichwa. "Nimeshindwa."

"Nipe mji!"

"Chukua Ngara."

"Ngara anaishi shangazi yangu, ni yetu tayari."

"Basi chukua Keza, pamoja na Taufiki aliyezaliwa huko."

"Ni moto," alisema Yasmini, na mashavu nayo yakimwaka. "Jirani akija kuomba kaa, jiko langu halipoi."

Taufiki alikuwa wakala wa kampuni moja ya Mwanza yenye programu ya kuendeshea maduka. Haukupita muda akaifunga kwenye kompyuta ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee Yahaya, baba yake Yasmini, mjini Biharamulo. Kwenye kioo yakajitokeza maandishi madogo madogo, hayana mwisho.

"Hayo ni masharti ya leseni. Soma."

Lakini Yasmini alikuwa anatazama vidole vya Taufiki. Akabonyeza *Nakubali*. Kijana naye, badala ya kumzuia, akatabasamu.

Yakaanza mapenzi ya simu.

"Umekula, malaika?"

"Nimekula, ila sauti yako sijaishiba."

Na ile programu, jamani! Unagusa kitufe, mifuko ya simenti iliyoko stoo inajitaja yenyewe. Shangazi Mwanaharusi wa Ngara alipoitamani, Yasmini akainakili kwenye flashi akampelekea. Si ni kaa la moto tu?

Asubuhi moja, wateja wamejaa mlangoni, kioo kikaganda: *Leseni imesitishwa*. Ikafuata barua ya wakili. Programu ya duka moja imetumika maduka mawili, kwa hiyo mzee Yahaya atashtakiwa. Mzee, ambaye hakuwahi kukanyaga mahakama, alikaa akiangalia milango ya duka lake kama anaiaga.

Yasmini akapiga simu. "Umetuchongea, Taufiki!"

"Mpenzi, hata sikujua. Programu yenyewe humwambia mwenye mali iko wapi."

"Kumbe kompyuta ina mdomo?" Akakata, akaizuia namba yake.

Siku zikapita bila sauti ile. Kisha akapiga shangazi.

"Yasmini, huyo kijana ni mtu wa namna gani? Kaja hapa, kaifuta programu, kanichukua hadi Mwanza kwa wakubwa zake. Kawaambia, 'Mteja alibonyeza bila kusoma mbele ya macho yangu, sikumwelewesha. Kosa ni langu.' Mimi nimepata leseni yangu halali, kesi yenu wameifuta. Ila uwakala wamempokonya."

Kumbe kompyuta ilikuwa na mdomo kweli, tena ulifika Mwanza. Lakini mtu aliyetoa alichonacho chote, bila hata kujisifu, ndiye aliyemshangaza Yasmini zaidi.

Taufiki alifika dukani jua likielekea magharibi, shati limepigwa pasi, mgongoni hana kitu. Ile kanga ameikunja mkononi.

"Mtoto yuko wapi?" Yasmini aliuliza, machozi na kicheko vikigombea njia.

"Kachukuliwa na wajomba zake wa Mwanza. Kanga nimekuletea wewe. Yasmini, nioe... yaani, nikuoe! Sema nakubali."

"Thubutu! Mara hii nasoma kwanza. Lete masharti."

"La kwanza: moyo huu ni wa mtu mmoja, haunakiliwi."

"La pili?"

"Ukikasirika, usizuie namba."

Nyuma ya rafu za misumari, mzee Yahaya akakohoa. "Kijana, soma kwa sauti. Safari hii hakuna anayebonyeza kitu hapa mpaka na mimi nimesikia yote."

Taufiki akaanza upya. Yasmini akajifunga ile kanga, akasikiliza kila neno.