Pua ya Mwaisha

Chai ilinuka mafuta ya taa mpaka uani. Mwaisha alikuwa amechota maji kwenye debe la mafuta, akachemsha, akammiminia mama mkwe kikombe kizima huku anatabasamu.

"Yaya, sinywi!" Bi Nyamizi akatema. "Mama Zuwena, hunusi?"

Alikuwa hanusi. Mwaka ule wa sabini na sita, hospitali walimpitishia umeme kichwani mara sita kumtoa sonona, na kweli kilio kilikwisha. Lakini aliporudi nyumbani Nyahanga harufu zote zilikuwa zimemtoka, na siku nyingine alilitafuta jina la mwanawe lisije. Ni umeme, alisema yeye. Bi Nyamizi alisema ni jini, na nyumba ilikuwa yake. Zuwena, mtoto wa miaka minne, alikwishahamishiwa chumbani kwa bibi mpaka mama yake asafike.

Basi, baada ya chai ile, akaitwa mganga Akida. Alasiri akamfunika Mwaisha shuka jeupe juu ya chetezo. Kila jini lina harufu yake. Likiipata, linampanda mgonjwa na kusema linachotaka. Akafukiza ubani. Kimya. Akafukiza udi. Kimya. Pua ile ingenusa nini, jamani?

"Amesafika," Akida akasema. "Mpeni mtoto wake."

Walipofunua shuka, Zuwena alikuwa mapajani mwa mama yake, ameupumua moshi wote. Alijipenyeza kwa chini, mama akamficha. Majuma manne hajamkumbatia, ungemtoa wewe? Watu wakacheka, hata bibi.

Asubuhi yake Mwaisha alikuwa barazani anamsuka mtoto, mara harufu ikamjia, ya kwanza tangu hospitali, udi, akageuka kutafuta chetezo asikione, akanusa kanga yake, akanusa viganja, akainamia utosi wa Zuwena na hapo ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka, naye mtoto ametulia tu, anautazama mlango wa bibi.

Bi Nyamizi akatoka. Hajafungua kinywa, Zuwena akasema kwa sauti nzito ya mzee, "Marahaba, mjukuu wangu."

Bibi akashika mwimo wa mlango. "Mama Zuwena," akanong'ona, "unasikia harufu?"

Mwaisha akaelewa. Akisema ndiyo, watajua jini limempanda mtoto, nao watamchukua tena. Akashika nywele, akaendelea kusuka.

"Sisikii kitu, mama."

Mkono mdogo wa Zuwena ukampapasa goti, taratibu, kumshukuru.