Baba, Mmoja Wetu Amezibwa Kinywa

Binti yangu aliniita asubuhi… nami nilikuwa nimekwisha kumzika.

Hakuniita kwa sauti. Aliniita kwa maandishi, kwenye kioo cha kompyuta, katika chumba cha mitambo cha hospitali, jua likiwa tele dirishani.

"Baba, mmoja wetu amezibwa kinywa. Mtafute."

Wenye haraka ya kuandika "mashetani" kwenye maoni, tulieni kwanza. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote na sina mazoea na mizimu. Lakini nasema kweli, mstari ule niliusoma mara tatu.

Binti yangu alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali hiyo. Kabla yake, kila mtambo ulilalamika peke yake: jenereta kule uani, pampu chini ya ngazi, majokofu maabara. Hakuna aliyesikia mpaka kitu kiwe kimekufa. Yeye aliiunganisha yote, ikawa inatuma habari zake kwenye seva moja, na seva ikaziandika mstari kwa mstari, kila moja na saa yake. Nami, kama katibu wa bodi, nilipewa kazi ya kuzipitia kila asubuhi.

Maneno ya jumbe zile aliyatunga mwenyewe. Mafundi wengine huandika kwa ukavu. Yeye hakuweza.

Pampu ikizimwa iliandika, "Nimepumzika, msininunie."

Mlango wa jokofu la damu ukiachwa wazi: "Nani kaacha mlango? Mnafuga mbu?"

Ndivyo alivyokuwa akigomba nyumbani.

Na jumbe za hatari kubwa, hizo tu, zilianza kwa neno Baba. Alipokuwa mtoto nilimkataza kuniita nikiwa kazini, ila kwa jambo zito. Alikua, akaolewa, akafa, na amri hiyo hakuivunja.

Tangu tumzike, kioo kile hakikuwa kimeandika Baba hata mara moja.

Nilimwita mkwe wangu, mume wa marehemu, ambaye ndiye aliyeachiwa mitambo. Alisoma ule mstari, uso ukamsawijika.

"Ni hitilafu tu, Mzee. Achana nayo."

"Mashine ya mke wako inaniita, nawe waniambia niachane nayo?"

"Mzee, nakuomba."

Akasimama kati yangu na kioo. Mtu mpole yule, ambaye hata kiti hakalii kabla sijakaa… akanizuia kwa mwili wake. Moyo ukaniambia, huyu ana lake.

Nilimwamuru asogee. Akasogea.

Binti yangu alikuwa amenifundisha kuisoma mipangilio, nami nikaisoma. Kulikuwa na kichujio kimoja kipya, chenye amri fupi: kila kitokacho kwa jokofu la damu, kisipokelewe. Chini yake palikuwa na jina la aliyekiweka.

Mkwe wangu.

"Ulimziba wewe," nikasema.

Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Niliwaza wizi wa damu. Kisha nikawaza mabaya zaidi, juu ya kifo cha mwanangu, ambayo mkono wangu hauwezi kuyaandika hapa.

Lakini hukumu ilibidi ingoje. Kwenye kioo, jokofu la damu bado lilikuwa na alama ya kijani, kwa kuwa neno lake la mwisho kupokelewa lilikuwa jema. Kimya chake chote baada ya hapo kilihesabiwa kuwa uzima; ila binti yangu alikuwa ameiagiza seva iniite endapo jumbe za mtambo wowote zingekataliwa kwa siku nyingi. Na asubuhi ile mama mjamzito alikuwa akiandaliwa kupasuliwa, damu yake ikingojewa kutoka katika jokofu hilohilo.

Nilikwenda maabara kwa mwendo ambao magoti yangu hayakuupenda.

Msimamizi wa maabara, tunayemwita Bi Baridi kwa jinsi anavyolilinda jokofu lake, alikuwa tayari ameshika mfuko wa damu mkononi.

"Weka chini," nikamwambia.

"Katibu, leo umeamkia upande gani? Kioo chako chenyewe chasema kijani."

"Kioo kimedanganywa. Pima."

Alinung'unika kwamba walimu wakistaafu huhamia kusumbua watu wazima, lakini kipimajoto akakiingiza. Akakitazama. Akakipangusa kwa koti, akakitazama tena. Kisha akakaa kitini polepole, ule mfuko ukiwa mapajani pake kama mtoto.

Mpira wa mlango ulikuwa umechanika kwa chini, pasipoonekana, na baridi ilikuwa ikivuja kwa siku nyingi. Damu yote ile haikufaa tena.

Upasuaji uliahirishwa mpaka gari lilipoleta damu kutoka hospitali jirani. Msije mkaumia bure, nawaambia mapema: mama alipona, na mtoto pia.

Nikarudi chumba cha mitambo nikiwa nimebeba maneno makali.

Nilimkuta mkwe wangu amekaa sakafuni, mgongo ukutani, simu mkononi.

"Jumbe zake zilikuwa zinaingia kwenye simu yangu, Baba."

Hakuwa ameniita hivyo tangu mazishi.

"Niko sokoni, inaingia: nani kaacha mlango, mnafuga mbu? Niko mezani peke yangu, inaingia tena. Naisikia sauti yake kabisa, Baba. Siku moja niliinuka nikaenda kufunga mlango wa nyumba… nikaukuta umefungwa. Ndiyo siku niliyoliziba jokofu. Nilidhani nanyamazisha utani wake tu. Sikujua kwamba linalia kweli."

Nikavuta kiti, nikaketi karibu yake. Mimi nilikuwa nikija kila asubuhi kuyanywa yaleyale aliyokuwa akiyakimbia.

"Fungua," nikamwambia.

"Siwezi."

"Fungua. Nimekaa hapa."

Akakiondoa kichujio. Jokofu lilikuwa limehifadhi kila neno lililokataliwa, likingoja, na sasa yote yakamwagika kwa pamoja.

"Nani kaacha mlango? Mnafuga mbu?"

"Nani kaacha mlango? Mnafuga mbu?"

"Naona joto, njooni."

"Baba, naungua."

"Baba, hii ni damu ya watu."

Mstari juu ya mstari, maandishi yakipanda kasi kuliko macho…

Kisha kikatulia. Na pale chini ukaandikwa mstari ambao sisi sote wawili hatukuwahi kuuona, aliouandaa marehemu kwa ajili ya mtambo uliopotea siku utakapopatikana.

"Umerudi. Nilijua utarudi."

Mkwe wangu aliegemeza paji la uso kwenye kioo kile, akalia kama ambavyo hakulia kaburini.

Ndugu zangu mnaosoma, sauti inayokuumiza usiizibe kabla hujasikia inasema nini. Na kimya cha mtu msikihesabu kuwa ni uzima. Yule kijana alikaa kimya tangu msiba, akija kazini, akiitikia salamu, na sisi sote tukamwekea alama ya kijani.

Jana alikuja kula kwangu. Aliingia, akaacha mlango wazi nyuma yake.

Sikumwambia aufunge mara moja. Tulitazamana… kila mmoja akingoja mwingine aseme lile la mbu.