Palepale Petu

"Nataka kujua kitu kimoja tu, Eilif. Marit ni nani?"

Eilif aliganda na buti moja mkononi. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini. Ilikuwa mwisho wa Agosti mjini Tromsø, kaskazini kabisa mwa nchi, theluji imeshatua juu ya vilele, na mtu mwenye akili timamu hatoki kwenda kulowana bila sababu.

"Marit? Tuliwahi kuwa pamoja zamani. Yameisha."

"Yameisha?" Tonje akainua simu ya Eilif, akasoma kwa sauti: "'Jana umefaidi peke yako. Kesho nakuwahi palepale petu.' Hayo ndiyo yaliyoisha?"

"Umepekua simu yangu?"

"Imelia mezani jana usiku, nimeiona! Usinigeuzie kibao. Nimetoka Stavanger, nimevuka nchi nzima, kuja kuona kama naweza kuacha kazi nihamie kwako. Tangu nifike sikuoni! Asubuhi unatoka, simu umezima. Ukirudi umelowa chapachapa. Huko 'palepale' ni wapi?"

"Siwezi kukwambia."

Hata uongo hakujisumbua kuutafuta! Tonje akamgeukia Gunnvor, mama yake Eilif, aliyekuwa anamenya viazi kama vile hasikii kitu.

"Mama, wewe unajua anakokwenda?"

"Anakwenda kutembea, mwanangu."

"Kutembea wapi?"

"Mlimani huko."

"Mlima gani, mama? Mji huu umezungukwa na milima!"

"Hukohuko," akajibu Gunnvor, akachukua kiazi kingine.

Tonje akapanda chumbani kufunga begi. Alilia, maana alimpenda yule mwanamume, na kumpenda mtu asiyejibu swali ni adhabu. Kisha akafuta uso, akashuka.

"Kuna ndege jioni hii. Unanipeleka au niite teksi?"

"Nitakupeleka," alisema Eilif, bila kumtazama.

Wakaingia garini. Walipofika penye kona ya uwanja wa ndege, Eilif akapitiliza, akashika daraja la kwenda kisiwa cha Kvaløya.

"Uwanja umeupita! Eilif! Unaniteka?"

"Nyamaza kidogo, kabla sijaghairi."

"Ninyamaze? Siku zote umenyamaza wewe, leo zamu yangu kusema!"

Na alisema. Alisema mpaka gari liliposimama ubavuni mwa gari jingine la buluu, na aliendelea kusema wakati viatu vyake vya mjini vinamezwa na tope. Walipovuka kilima, mbele yao kulikuwa na kinamasi kilichojaa multe zilizochelewa kuiva mwaka huo, matunda ya rangi ya dhahabu, na katikati yake mwanamke ameinama na ndoo.

"Ndiye huyu?" Tonje akauliza. "Umenileta nimwone?"

Mwanamke akanyooka. "Eilif! Umeleta mtu huku? Una wazimu?"

"Una haki gani ya kuuliza, Marit? Hapa ni kwetu!"

"Ulinionyesha mwenyewe!"

"Kwa sababu ulisema tutaoana!"

Tonje akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Ngojeni kwanza. Mnagombania matunda?"

"Kumbe nini?" Marit akacheka. "Juzi nimefika nikakuta kashachuma upande mzima, mroho huyu! Dada, mimi nina mume nyumbani, na mume wangu anapenda jamu. Huyu simtaki. Mchukue leoleo."

Eilif akashusha pumzi. "Multe ni adimu, na mahali pake hatumwonyeshi rafiki wala jirani. Bibi yangu alimficha hata kaka yake. Ni watu wa ndani tu. Mama akijua nilimwonyesha Marit, nimekwisha."

"Ungeniambia hata kwamba ni matunda! Nimelia, Eilif, kwa ajili ya matunda!"

"Ningekwambia ni matunda, ungeuliza wapi."

Ni kweli, angeuliza. Hilo likamkera zaidi.

"Kwa hiyo mimi si mtu wa ndani?"

"Kwani sasa hivi umesimama wapi?" Eilif akamshika mkono. "Tuoane, Tonje."

"Unanichumbia nimezama kwenye tope, na mpenzi wako wa zamani anasikiliza?"

"Sisikilizi," alisema Marit. "Nachuma."

"Ndiyo!" Tonje akafoka. "Nakubali, mjinga wewe! Lakini mpigie mama yako umwambie ukweli. Siingii kwenye nyumba ya siri."

Eilif akapiga, jasho likimtoka kwenye baridi ile.

"Mama, nimemwonyesha Tonje. Na... Marit pia anapajua. Ni mimi, miaka ile."

"Unadhani sijui?" ikaja sauti ya Gunnvor. "Nilijua msimu uleule, ndoo ziliporudi nusu. Nipe mkwe wangu."

Tonje akapokea simu. "Mama?"

"Sogea pembeni, mwanangu, wasikusikie. Haya. Hapo mlipo ni makapi. Vuka kijito, panda penye jiwe jeusi, shuka upande wa pili. Huko ndiko kwetu hasa."

"Eilif anapajua?"

"Eilif? Mdomo ule? Thubutu!"

Tonje akamrudishia Eilif simu yake.

"Amesemaje?" Eilif akauliza, uso umemsawijika.

"Amekusamehe. Lete hiyo ndoo," alisema Tonje, akielekea kijitoni. "Na usinifuate."