Posa ya Hagaparken

Jumapili moja ya Oktoba, foleni ya kivuko cha kwenda kisiwa cha Djurgården ilijaa watu wazima waliofunga safari kwenda kutazama majani yakifa. Stellah, muuguzi Mkenya aliyeishi Tumba, alikuwa anaenda tu kumwona rafiki yake. Mbele yake mwanamume akarudi nyuma kupiga picha, akamkanyaga.

"We! Hilo ni guu langu!"

"Pardon, dada." Gaël alikuwa Mkongomani, mhandisi wa kompyuta huko Kista, ndani ya koti refu la sufu na viatu visivyowahi kuona tope. "Lakini umesimama kwenye mwanga mzuri. Nikupige moja?"

"Piga, kisha unipishe."

Gaël alikuwa mzuri wa sura, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Kila wikendi akawa anamtoa Stellah matembezi na kumpiga picha, yeye na mtandio wake wa rangi ya haradali. "Rusha majani juu, chérie. Cheka!" Stellah alirusha, akacheka, akapenda. Mapenzi humfanya mtu mwenye akili zake aokote takataka zilizolowa na kujimwagia kichwani.

Huko Tyresta, katikati ya misonobari mizee, Stellah aliteleza kwenye mwamba, akaanguka kifudifudi. Alisikia mlio wa kamera kabla ya kusikia jina lake.

Akaacha kupokea simu zake. Siku alipopokea, Gaël alikuwa mpole kama paka mwenye njaa.

"Chérie, nilidhani unacheka."

"Nilikuwa nalia, Gaël."

"Basi mimi mjinga. Njoo Hagaparken Jumamosi. Tuwe sisi wawili tu, naapa."

Alikwenda. Mialoni ilikuwa ya dhahabu, nyasi zikiteremka hadi kwenye maji. Gaël akapiga goti, akafungua kijisanduku cha pete.

"Stellah, utakubali niwe mume wako?"

Machozi yakamtoka. "Ndiyo. Ndiyo, mpenzi."

Lakini pete haikuvishwa. Gaël alikuwa anatazama nyuma ya bega lake.

"Hebu turudie kidogo. Kuna mbwa amepita nyuma yako, tena akakojoa."

Stellah aligeuka. Simu ilikuwa imesimamishwa juu ya kisiki, ikiwatumbulia jicho.

"Turudie nini?"

"Hiyo 'ndiyo' yako. Iseme polepole, halafu ulie tena kidogo. Watu wataipenda sana."

Alimtazama mtu huyo kama anavyotazama bandeji iliyotumika. Akajifuta uso.

"Haya. Piga goti."

Gaël akapiga goti haraka, akanyoosha kola, akatabasamu. Stellah akaigeukia simu.

"Hapana," akasema.

"Stellah! Inarekodi!"

"Ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Akashika njia ya kituo cha basi, hakugeuka. Gaël aliinuka, goti la suruali limelowa chapachapa. Hakumkimbilia. Alikwenda kwanza kutazama video.