Kitambaa Kikavu

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kung'arisha rangi za magari, na hadi leo hapendi kuyarudia. Mchana mmoja, fundi mgongo unamuuma na macho mazito kwa uchovu, alimjia mama mjane na gari jeusi analotaka kuliuza. Boneti yote ilijaa michirizi ya duara iliyokwaruzwa kwenye rangi.

"Ni marehemu huyo," mama alilalamika. "Kila asubuhi analifuta kwa kitambaa kikavu. Nilimkataza mpaka nikachoka."

Fundi akafunga milango ya gereji vumbi lisiingie, akawasha taa na mashine, akasugua mpaka mikono ikafa ganzi. Boneti ikawa kama kioo. Hapo umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, giza likatanda.

Ndipo akasikia: swa, swa, swa. Kitambaa kikavu juu ya rangi.

"Mama, tafadhali usifute! Utaniharibia kazi."

"Nifute nini, mwanangu?" mama akajibu kutoka nje. "Si umenifungia mlango?"

Umeme ukarudi. Michirizi yote ilikuwa imerudi palepale, na duara la mwisho, karibu na mkono wake, lilikuwa bado linajichora.